Vinundu chini ya tandiko la farasi

Vinundu chini ya tandiko la farasi ni uvimbe mdogo, mmoja au zaidi, unaotokea katika ngozi ya mgongo wa farasi mahali tandiko linapokaa. Huonekana hasa pande mbili za uti wa mgongo na kwenye kilele cha mabega, yaani ile sehemu iliyoinuka pale shingo inapoishia na mgongo unapoanza. Vingine hutokea nyuma ya kiwiko, mahali mshipi wa tumbo unapopita. Ukubwa wake huanzia punje ya mtama hadi yai la kuku.

Jina hili halitaji ugonjwa mmoja. Chini yake kuna mambo yenye asili tofauti: ngozi iliyoumizwa na tandiko lisilomkaa mnyama vizuri, mzio unaodhaniwa kutokana na kuumwa na wadudu, vijipu vya bakteria, minyoo, na mara chache saratani. Baadhi ya vinundu havina madhara na huweza kuachwa kwa miaka. Vingine humfanya farasi asifae kupandwa kwa miezi kadhaa, na aina moja, jipu la kilele cha mabega, huweza kumwambukiza binadamu anayemhudumia mnyama. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye farasi si dawa gani ipakwe, bali kinundu ni cha aina gani.

Mgongo wa farasi na uzito

Farasi ana pingili 18 za uti wa mgongo katika eneo la kifua, na jozi 18 za mbavu. Kila pingili ina mwiba wa mfupa unaoelekea juu, na miiba ya kwenye kilele cha mabega ndiyo mirefu kuliko yote. Juu ya miiba hiyo hakuna msuli wa kutosha kuikinga: kuna kano, mafuta kidogo na ngozi tu. Kulia na kushoto kwake hupita misuli mirefu ya mgongo, nayo ndiyo inayopaswa kubeba uzito. Ndiyo sababu tandiko zuri lina mito miwili iliyotenganishwa na mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Tena halipaswi kupita ubavu wa 18, kwa kuwa nyuma ya hapo mgongo hauna mbavu za kuutegemeza.

Damu hufika kwenye ngozi kwa mishipa midogo sana ambayo msukumo wake ni takriban milimita 30 hadi 35 za zebaki. Kitu kikiikandamiza ngozi kwa nguvu zaidi ya hapo, na kisiondoke, damu haipiti. Farasi anapotembea, mkandamizo hupanda na kushuka kwa kila hatua, hivyo ngozi hupata nafasi ya kupitisha damu. Hatari ni pale sehemu moja ndogo inapobanwa muda wote, kwa mfano chini ya ncha ya mti wa tandiko (fremu ngumu iliyo ndani yake), chini ya mshono ulioinuka, au chini ya mkunjo wa blanketi. Tishu za ndani, karibu na mfupa, zinaweza kuumia kabla ya ngozi ya juu. Farasi anaweza basi kuwa na maumivu kwa siku kadhaa huku manyoya yake yakionekana hayana kasoro.

Uvimbe wa mkandamizo

Hii ndiyo aina inayotokana na tandiko lenyewe. Hujitokeza dakika chache hadi saa chache baada ya tandiko kuondolewa, damu inaporudi kwa kasi katika mishipa iliyokuwa imebanwa na kudhoofika. Mwanzoni uvimbe ni laini na wa moto, na ukibonyezwa kwa kidole huacha shimo kwa muda. Farasi hulalamika kwa namna yake: hushusha mgongo anapoguswa, huvuta masikio nyuma, au huuma hewa mshipi wa tumbo unapokazwa. Tabia hizi mara nyingi huitwa ukaidi, na farasi wengi wamechapwa kwa kosa la fundi wa matandiko.

Uvimbe wa namna hii ukigunduliwa siku ya kwanza na farasi akapumzishwa, huisha kwa siku chache. Tandiko likirudishwa juu yake, ngozi hufa. Hukauka ikawa ngumu kama soli ya kiatu, ikiachia pembeni lakini ikishikilia katikati. Kipande hicho kinaweza kukaa wiki nyingi bila kudondoka, na mara nyingi daktari wa mifugo hulazimika kukikata ili kidonda kilicho chini yake kipone.

Baada ya kupona, manyoya ya mahali hapo huota meupe, kwa sababu chembe zinazotia rangi katika shina la unywele zimeharibika. Madoa meupe mgongoni mwa farasi mweusi au wa kahawia ni kumbukumbu ya tandiko baya la zamani, na mnunuzi mwangalifu huyatafuta kabla ya kuuliza bei. Yakiwa pande zote mbili kwa kulingana, kosa kwa kawaida lilikuwa katika umbo la tandiko, hasa kama lilikuwa jembamba mno mbele. Yakiwa upande mmoja tu, inafaa kushuku mti wa tandiko uliovunjika au kupinda, mto uliojazwa vibaya, mpandaji anayeegemea upande mmoja, au farasi mwenyewe kuwa na bega moja kubwa kuliko jingine.

Granuloma ya eosinofili

Aina hii ndiyo inayowachanganya watu wengi zaidi. Kinundu ni kigumu, cha mviringo, kwa kawaida chenye upana wa nusu sentimita hadi sentimita 5. Manyoya yaliyo juu yake ni mazima, ngozi haina jeraha, na farasi haoneshi maumivu wala mwasho. Kwa mkono kinafanana na harage lililoshonwa ndani ya kitambaa. Kinaweza kuwa kimoja au vingi, na mahali pake pa kawaida ni kilele cha mabega, mgongo na shingo. Ni miongoni mwa magonjwa ya vinundu yanayoonekana zaidi kwa farasi.

Ndani yake kuna nyuzi za kolajeni zilizoharibika, zikiwa zimezungukwa na seli nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, ambazo mwili huzituma hasa panapokuwa na mzio au vimelea. Chanzo hakijathibitishwa. Kinachodhaniwa zaidi ni mwitikio wa mwili kwa kuumwa na wadudu kama usubi, pange na nzi wa zizi, kwa sababu katika nchi zenye majira ya baridi vinundu vipya huonekana zaidi katika miezi ya joto. Kwa baadhi ya farasi vimetokea mahali palipochomwa sindano zilizopakwa silikoni. Msuguano wa tandiko pia hutajwa, lakini farasi ambao hawajawahi kutandikwa huvipata vilevile. Mwenye farasi aliyegundua kinundu cha aina hii hapaswi kukimbilia kununua tandiko jipya kabla ya uchunguzi.

Kinundu kikikaa muda mrefu, chokaa hujikusanya ndani yake nacho huwa kigumu kama jiwe. Hilo lina maana katika matibabu, kama inavyoelezwa hapa chini.

Ubaya wa granuloma hautoki katika granuloma yenyewe. Kikiwa shingoni, kinundu ni suala la sura tu. Kikiwa chini ya tandiko, huwa kama kokoto ndani ya kiatu: uzito uliopaswa kutandazwa kwenye mto mzima huangukia sehemu ndogo, ngozi ya juu yake huchubuka, na uvimbe usiouma hugeuka kidonda. Farasi mmoja anaweza hivyo kuwa na matatizo mawili kwa pamoja, na kutibu moja huku lingine likiachwa hakuleti nafuu.

Vijipu, wadudu na minyoo

Mahali penye joto, jasho na vumbi chini ya tandiko hulainisha ngozi, na bakteria, hasa wa jenasi Staphylococcus, huingia katika vishimo vya manyoya. Matokeo yake ni vipele vingi vidogo vinavyouma sana vikiguswa, baadhi vikiwa na usaha. Tofauti na granuloma, hapa maumivu ndiyo dalili kuu, hata kama kipele ni kidogo kuliko dengu. Blanketi chafu ndilo chanzo cha kawaida. Choa, ambacho ni ugonjwa wa kuvu, nacho husafirishwa na matandiko na brashi kutoka farasi mmoja hadi mwingine, ingawa huonekana zaidi kama mabaka yaliyonyonyoka kuliko kama vinundu.

Katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini kulikuwa na tatizo la nzi wa ng'ombe wa jenasi Hypoderma, ambao viluwiluwi wake husafiri ndani ya mwili na kufika chini ya ngozi ya mgongo. Farasi si mwenyeji wao wa kawaida, lakini hupatwa. Kinundu cha aina hii huwa na tundu dogo la kupumulia juu yake. Hakipaswi kukamuliwa: kiluwiluwi kikipasuka ndani, farasi anaweza kupata mzio mkali wa ghafla. Katika nchi kadhaa, Uingereza ikiwemo, kampeni za kuwatibu ng'ombe zimemaliza tatizo hilo.

Mnyoo Parafilaria multipapillosa huleta vinundu vinavyopasuka ghafla na kutoa damu siku za joto, kisha kupona na kutokea mahali pengine. Unajulikana katika Ulaya ya mashariki, Afrika ya Kaskazini na sehemu za Asia. Mabuu ya minyoo ya jenasi Habronema ni suala jingine. Huletwa na nzi kwenye kidonda kibichi, na kidonda kidogo cha tandiko hugeuka nyama nyekundu inayozidi kukua, yenye chembe za njano kama punje za mchele zilizovunjika. Kidonda kinachokataa kupona msimu wa nzi kinafaa kushukiwa hivyo.

Saratani na uvimbe mwingine

Sarkoidi ndiyo saratani ya ngozi inayowapata farasi zaidi. Inahusishwa na virusi vya papiloma vya ng'ombe, aina ya 1 na ya 2. Haisambai katika viungo vya ndani, lakini hurudi kwa ukaidi, na ikikwaruzwa na tandiko au kukatwa nusunusu inaweza kukua kwa kasi zaidi. Melanoma huwapata hasa farasi weupe wa kijivu wanaozeeka, nayo hupendelea chini ya mkia kuliko mgongoni. Kuna pia vifuko vya kuzaliwa navyo vilivyojipanga juu kabisa ya mstari wa uti wa mgongo. Farasi mchanga mwenye vinundu kwenye mstari huo, kabla hata hajawahi kutandikwa, huenda ana vifuko hivyo.

Vinundu vilivyojipanga kama shanga kwenye uzi, vikifuata mishipa ya limfu na kupasuka kimoja baada ya kingine, ni dalili ya kumwita daktari siku hiyohiyo. Vinaweza kuwa limfanjaitisi ya kuvu, inayowasumbua sana farasi wa mikokoteni nchini Ethiopia, au malleo, ugonjwa wa bakteria Burkholderia mallei unaoua farasi na binadamu.

Jipu la kilele cha mabega

Kati ya miiba ya pingili na kano iliyo juu yake kuna kifuko cha majimaji kinachopunguza msuguano. Kikiambukizwa, kilele cha mabega huvimba upande mmoja au pande zote mbili, huwa cha moto na chenye maumivu, kisha hupasuka na kutoa usaha kwa matundu yasiyofunga. Watu wa kale walilaumu tandiko, na kweli pigo au mkandamizo unaweza kuchangia. Lakini katika visa vingi kumepatikana bakteria Brucella abortus, yule anayewafanya ng'ombe kutupa mimba. Farasi wanaolishwa pamoja na ng'ombe wenye ugonjwa huo wako hatarini.

Bakteria huyo humpa binadamu homa inayokwenda na kurudi, maumivu ya viungo na uchovu wa miezi. Uvimbe wa mahali hapa usipasuliwe na saisi wala na mwenye farasi kwa wembe. Huguswa kwa glavu, usaha hauachwi udondoke malishoni, na daktari huchukua damu kwa kipimo cha bruselosi kabla ya upasuaji wowote. Sehemu za Afrika ya Mashariki ambako bruselosi ya ng'ombe ipo zina sababu ya kulikumbuka hili.

Utambuzi

Vidole hutoa habari nyingi kabla ya kipimo chochote. Mgongo hupapaswa kwa mikono mitupu, kwa kufuata manyoya na kinyume chake, farasi akiwa amesimama sawasawa na bila mtu kumshika kwa nguvu. Kisha ngozi yenye kinundu huinuliwa kwa vidole viwili. Kinundu kikisogea pamoja na ngozi, kiko ndani ya ngozi. Ngozi ikiteleza juu yake, kiko chini zaidi, na huenda ni msuli, kano au kifuko. Kinundu hubonyezwa polepole huku macho yakiwa kwenye masikio na mgongo wa farasi, si kwenye kidole.

Inasaidia kuchora ramani ya mgongo kwenye karatasi na kuandika tarehe, mahali na upana wa kila kinundu, au kupiga picha yenye rula pembeni. Kumbukumbu ya kichwani hudanganya: kinundu kilichokaa miaka miwili bila kubadilika hudhaniwa kimekua kwa sababu tu mwenyewe ameanza kukitazama.

Jibu la hakika hutolewa na maabara. Daktari hukata kipande kidogo au kukitoa kinundu kizima, nacho huchunguzwa kwa hadubini. Kufyonza seli kwa sindano ni rahisi zaidi, lakini kwa granuloma mara nyingi hutoa seli chache zisizotosha kuamua. Sarkoidi ikishukiwa, daktari huamua kwanza atafanya nini na majibu, kwa kuwa kukata kipande na kuacha kilichobaki kunaweza kuiamsha.

Je, farasi apandwe?

Hili ndilo jambo linalobishaniwa zaidi mabandani, maana farasi asiyepandwa ana gharama ileile ya chakula. Kanuni zinazotumiwa na madaktari wengi ni hizi. Uvimbe unaouma, wa moto, au wenye ngozi iliyochubuka: tandiko lisiwekwe kabisa, hata kwa dakika kumi. Farasi anaweza kutembezwa kwa kamba au kuzungushwa uwanjani bila mzigo ili misuli isilegee. Kinundu baridi kisichouma, chenye ngozi nzima, kilicho nje ya mahali mto unapokaa: anaweza kupandwa huku kikiangaliwa kila siku. Kinundu cha aina hiyo kilicho chini ya mto hasa ndicho kigumu kuamua. Hapo tandiko hukaguliwa, farasi hupandwa muda mfupi, na mahali hapo hupapaswa mara baada ya kutandua na tena asubuhi inayofuata.

Kuna ufundi wa zamani wa kukata tundu katika blanketi nene ili kinundu kisiguswe. Unaonekana wa busara, lakini ukingo wa tundu hubeba uzito ambao tundu halibebi, na ngozi ya katikati huvimba kuingia humo. Kwa safari fupi ya lazima unaweza kusaidia; kwa kazi ya kila siku huhamisha tatizo sentimita mbili pembeni. Kuongeza blanketi juu ya blanketi nako ni kosa la kawaida, kwani tandiko lililokuwa jembamba huzidi kubana, kama kuvaa soksi mbili katika kiatu kinachobana.

Farasi hurudishwa kazini pale anapoweza kubonyezwa kwa nguvu ya kidole gumba bila kushtuka, ngozi inaposogea kwa urahisi, na manyoya mapya yakiwa yamefunika kidonda.

Matibabu

Uvimbe mpya wa mkandamizo hupozwa kwa maji baridi au barafu iliyofungwa katika kitambaa, mara kadhaa kwa siku katika siku mbili za mwanzo. Kidonda kilicho wazi huoshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye takriban gramu 9 za chumvi kwa lita moja, kisha hukingwa dhidi ya nzi. Kuna wanaopaka oili chafu ya gari au mafuta ya taa ili kufukuza nzi. Vitu hivi huchoma tishu changa zinazoota na kurefusha uponyaji, hata kama nzi kweli huondoka.

Vijipu vya bakteria huoshwa kwa sabuni yenye klorheksidini, na dawa huachwa juu ya ngozi dakika kumi hivi kabla ya kusuuzwa. Vikiwa vingi, daktari huongeza antibiotiki. Blanketi na brashi visipofuliwa wakati huohuo, vijipu hurudi.

Granuloma ya eosinofili isiyo mahali pa tandiko inaweza kuachwa, na baadhi hupotea zenyewe. Vinundu vichache vinavyosumbua hutibiwa kwa kuchomwa sindano ya steroidi ndani yake. Vitabu vya tiba hutaja triamsinoloni miligramu 3 hadi 5 kwa kila kinundu, jumla isizidi miligramu 20 kwa farasi mmoja kwa wakati mmoja. Kikomo hicho kipo kwa sababu steroidi nyingi zinaweza kuchochea laminitisi, yaani kuharibika kwa tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya ukwato, ugonjwa unaoweza kumfanya farasi asisimame tena. Kumponya farasi mgongo na kumpotezea miguu si biashara nzuri, hivyo sindano hii haipigwi na mtu asiye daktari, na farasi wanene au waliowahi kuugua kwato huhitaji tahadhari zaidi. Vikiwa vingi mno kuchomwa kimoja kimoja, hutolewa prednisoloni ya kumeza kwa wiki mbili hadi tatu.

Vinundu vya zamani vilivyojaa chokaa havisikii steroidi. Hivyo hukatwa kwa upasuaji, kwa kawaida farasi akiwa amesimama, ametulizwa kwa dawa na kutiwa ganzi mahali hapo. Kovu la mshono likiwa chini ya tandiko huhitaji mapumziko marefu kuliko mwenyewe anavyotarajia, kwani ngozi inaonekana imefunga wiki kadhaa kabla ya kuwa imara. Granuloma inaweza kutokea tena, mahali palepale au kwingine. Farasi wa mashindano ana suala la ziada: steroidi ni kati ya dawa zinazodhibitiwa na zinazopimwa, hivyo muda wa dawa kuisha mwilini huhesabiwa kabla ya sindano.

Kukagua tandiko

Tandiko huwekwa kwanza mgongoni bila blanketi. Vidole viwili au vitatu vipite kati yake na kilele cha mabega mpandaji akiwa ameketi, na mwanga uonekane mferejini ukitazama kutoka nyuma. Kiganja hupitishwa chini ya mto kutoka mbele hadi nyuma kutafuta mahali panapobana au pasipogusa. Mti wa tandiko hujaribiwa kwa kulikunja polepole juu ya goti. Ukilia au kupinda, tandiko halifai tena.

Baada ya kazi, alama za jasho husomwa. Baka kavu katikati ya ngozi iliyolowa linaweza kuonesha mahali palipobanwa mno hadi jasho lisitoke. Linaweza pia kuonesha mahali ambapo tandiko halikugusa kabisa, hivyo baka peke yake si ushahidi, lazima papapaswe. Farasi hubadilika umbo kwa msimu, mazoezi na umri, na tandiko lililomfaa mwaka jana huweza kumuumiza mwaka huu.

Historia

Xenofoni wa Athens, aliyeandika kuhusu upandaji farasi katika karne ya 4 KK, alipendelea farasi mwenye mgongo mpana wenye misuli iliyoinuka pande mbili za uti, kwa kuwa wakati huo Wagiriki walipanda bila tandiko lenye mti. Baadaye majeshi ya farasi ndiyo yaliyolazimika kulisoma suala hili kwa makini, maana kikosi chenye migongo mibovu ni kikosi cha miguu. Tandiko la George B. McClellan, lililokubaliwa na Jeshi la Marekani mwaka 1859, lilikuwa na uwazi mrefu juu ya uti wa mgongo. Katika Vita vya Pili vya Makaburu (1899–1902) Waingereza walipoteza farasi zaidi ya 300,000, wengi kwa uchovu, njaa na maradhi, na migongo yenye vidonda ilikuwa miongoni mwa malalamiko ya kudumu ya madaktari wa mifugo wa jeshi.

Kutoka majeshini ndiko zilikotoka desturi mbili zinazofuatwa hadi leo: kushuka na kumwongoza farasi kwa miguu mwisho wa safari, na kulegeza mshipi wa tumbo huku tandiko likiachwa mgongoni kwa muda, ili damu irudi taratibu badala ya kufurika. Siku hizi mkandamizo hupimwa kwa mikeka yenye vihisi vya elektroniki inayowekwa chini ya tandiko.

Punda na Afrika ya Mashariki

Farasi ni wachache katika Afrika ya Mashariki, kwa sababu mojawapo ya mbung'o na tauni ya farasi wa Afrika. Wapo hasa katika mashindano, kama yale ya uwanja wa Ngong jijini Nairobi, na katika utalii. Mnyama anayebeba mzigo wa watu ni punda, na mgongo wake hupatwa na mengi ya yaliyoelezwa hapa, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa mara nyingi mzigo huwekwa bila tandiko lolote au juu ya gunia moja. Uti wa mgongo wa punda huwa umechomoza, na kamba ya katani au ya nailoni hukata ngozi haraka kuliko ukanda mpana.

Katika mji wa Lamu, ambako njia ni nyembamba na punda hubeba mchanga, mawe na bidhaa za dukani, kumekuwa na zahanati ya punda ya shirika la Uingereza tangu mwaka 1987. Shogi la ukili lililofumwa vizuri hugawa mzigo pande mbili, lakini bado huhitaji mito miwili chini yake, kulia na kushoto, yenye nafasi katikati. Mito hiyo hutengenezwa kwa gunia la katani au turubai lililojazwa majani makavu na kushonwa. Majani hubadilishwa yakishalala, na upande unaogusa ngozi huanikwa juani kila baada ya kazi, kwani jasho lililokauka huwa gumu na kukwaruza kama msasa.